Nyumba ya Miti Iliyodumu Miaka Mia Tano

Wasomaji wengi wa gazeti letu wamekwisha soma katika vitabu vya historia habari za wafalme wa ukoo wa Tudor, waliotawala Uingereza tangu mwaka 1485 mpaka mwaka 1603. Twajifunza majina yao na vita vyao, twafanya mtihani, kisha twasahau. Lakini jinsi watu wa zamani zile walivyojenga nyumba zao, walivyokula, walivyocheza na walivyogombana na majirani zao, hayo ni nadra kuyapata darasani. Mwaka jana, nilipokuwa Uingereza kwa masomo ya ualimu, nalipata nafasi ya kuitembelea nyumba moja ya enzi hiyo, nayo ndiyo nitakayoieleza hapa. Shabaha yangu si kuusifu uzuri wake tu. Nataka kueleza imejengwaje, imewezaje kusimama zaidi ya miaka 500 hali ni ya miti, na kwa sababu gani nusura ianguke.

Jina lake ni Little Moreton Hall. Iko katika jimbo la Cheshire, kaskazini-magharibi ya Uingereza, yapata maili 4 kutoka mji wa Congleton. Nchi ya huko ni tambarare yenye malisho mengi ya ng'ombe wa maziwa. Mgeni apitaye katikati ya malisho hayo huiona nyumba kwa ghafula, nayo humshangaza, maana haina hata mstari mmoja ulionyoka. Orofa ya juu imejitokeza mbele kuliko ya chini, madirisha yamepinda kama mawimbi, na paa limelemea upande kama mzee aliyejitwika mzigo. Ukutani mbao nyeusi zimepangwa juu ya lipu nyeupe kwa mapambo ya namna nyingi, mengine kama mishale, mengine kama almasi. Mzee mmoja aliyekuwa akiwaongoza wageni aliona jinsi nilivyokuwa nikitazama juu kwa wasiwasi. Nalimwuliza, "Mzee, je, haitaanguka?" Akacheka, akajibu, "Bwana, imekuwa ikianguka tangu kabla ya kuzaliwa babu wa babu yangu, na bado haijafika chini."

Wenye nyumba walikuwa watu wa ukoo wa Moreton. Hawakuwa wafalme wala wakuu wa serikali. Walikuwa wenye mashamba, watu wa kukodisha ardhi, kusaga nafaka na kupata faida kidogo katika chuma. Baada ya tauni kuu iliyoingia Uingereza mwaka 1348 na kuua watu wengi mno, ardhi ilipatikana kwa urahisi, na wenye akiba waliweza kuinunua. Ukoo huu ulikuwa miongoni mwao. Kufika katikati ya karne ya 16 walikuwa na ekari 1,360. Mtu aliyepata mali hupenda ionekane, nao waliionyesha kwa kujenga. Sehemu za kwanza za nyumba hii, yaani ukumbi mkubwa na upande wa mashariki, zilijengwa kati ya mwaka 1504 na 1508 kwa amri ya William Moreton. Wanawe na wajukuu wakaendelea kuongeza chumba baada ya chumba mpaka yapata mwaka 1610. Kwa hiyo nyumba hii haikuchorwa na mtu mmoja siku moja; ilikua kama mti unavyokua.

Nyumba imezungukwa na handaki la maji lenye upana wa futi 33, na mtu huingia kwa daraja. Kwanza nalidhani ni boma la vita. La, sivyo. Handaki hilo lilikuwako kabla ya nyumba hii, kuzunguka jengo jingine la zamani zaidi, na hapana dalili yoyote kuwa lilitumika kupigania. Kuwa na maji kuzunguka nyumba kulikuwa ni alama ya heshima. Lakini lilikuwa na kazi nyingine pia. Upande mmoja wa nyumba uko mnara mdogo wenye vyoo vya zamani, na uchafu wake wote ulishuka moja kwa moja handakini. Baada ya kuambiwa hivyo, sikuyatazama tena maji yale kwa macho yale ya kwanza.

Sasa niseme juu ya ujenzi wenyewe, nao ndio ulionivuta kuliko mambo yote. Nyumba yote ni ya miti ya mwaloni, isipokuwa mabomba ya moshi, ambayo ni ya matofali, na matofali mengine machache yaliyoongezwa baadaye kuegemeza kuta. Mafundi wa zamani zile walipenda kuuchonga mwaloni ungali mbichi, kwa sababu ukiisha kukauka huwa mgumu mno, hata patasi hukataa. Waliyachonga magogo kwa shoka na tezo, wakatoboa tundu katika mti mmoja na kuchonga ulimi katika mti wa pili, wakaingiza ulimi ndani ya tundu, kisha wakapigilia kigingi cha mti kupita vyote viwili. Hawakutegemea misumari ya chuma. Mti ulipokauka ulijikaza, na kiungo kikazidi kushikana. Aghalabu fremu nzima iliundwa kwanza uwanjani, kila kipande kikatiwa alama yake, halafu ikafumuliwa, ikachukuliwa mahali pake na kusimamishwa tena kwa kufuata alama zile.

Fremu ikiisha kusimama, lazima mapengo yake yazibwe. Je, mwajua Waingereza wa zamani waliyaziba kwa nini? Katika nyumba za namna hii walisimamisha vijiti kati ya nguzo, wakasuka fito kuvizunguka kama asukavyo mtu tenga, kisha wakakandika udongo uliochanganywa na majani makavu na samadi ya ng'ombe, na mwisho wakapaka chokaa. Basi niliposikia habari hiyo sikuweza kujizuia kucheka. Nalikuwa nimesafiri maelfu ya maili kwenda kutazama fahari ya wageni, nikakuta elimu ambayo bibi yangu aliijua vizuri sana! Hapana mwanafunzi wa shule hii aliyezaliwa shamba asiyejua fito, udongo na kukandika.

Hapa yafaa tusimame kidogo tufikiri. Kwetu, mtu akisema "nyumba ya miti na udongo" maana yake ni nyumba ya muda, ya kuishi mpaka atakapopata fedha za matofali. Nalijiuliza, mbona ile imedumu miaka 500, na ya kwetu haidumu hata miaka 20? Nalitafuta jibu nyumba nzima, nikaona sababu nne. Ya kwanza, nguzo zake hazikuchimbiwa ardhini. Zimekaa juu ya boriti nene iliyolazwa juu ya msingi wa mawe, kwa hiyo unyevu wa ardhi hauzifikii. Ya pili, orofa ya juu na paa vimetokeza mbele, na maji mengi ya mvua huanguka mbali na ukuta. Ya tatu ni lazima niiseme kwa haki: huko hakuna mchwa kama wetu. Mchwa wa kwetu wangaliingia katika mwaloni ule, labda mambo yangalikuwa mengine. Ya nne ndiyo kubwa: watu waliitengeneza kila ilipoharibika. Udongo ulipoanguka ulikandikwa tena, na boriti iliyooza ilikatwa mahali palipooza tu, ikaungwa kipande kipya. Wahenga wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nyumba ile yote ni nyufa zilizozibwa.

Katika kiwanja cha ndani mna madirisha mawili makubwa ya orofa mbili, yaliyojitokeza na kuelekeana hata vichwa vyao karibu vigusane. Nyumba yote ina vioo vidogo vidogo yapata 30,000, vilivyounganishwa kwa vipande vyembamba vya risasi. Siku zile kioo kilikuwa ghali, na kioo kikubwa kilikuwa kigumu kutengenezwa, kwa hiyo mtu mwenye madirisha mengi alikuwa akiwaambia wapitaji njia, "Tazameni mali yangu." Lakini juu ya madirisha haya mawili yako maandishi yaliyochongwa katika mti. Yanamtaja Mungu kwanza, kisha yasema kuwa madirisha yalitengenezwa kwa amri ya William Moreton mwaka 1559, mwaka uleule aliotawazwa Malkia Elizabeth wa Kwanza. Tena yamtaja mtu wa tatu: Richard Dale, seremala, aliyeyatengeneza kwa mikono yake.

Nalisimama hapo kwa muda mrefu. Wafalme wa Tudor wana vitabu vya kuwakumbusha, na wenye mashamba wana makaburi ya mawe. Seremala, je? Mafundi wengi sana waliojenga majumba ya Uingereza hatuyajui majina yao. Huyu mmoja alipata nafasi ya kuliandika jina lake chini ya paa la tajiri wake, nasi twalisoma leo. Wanafunzi wenzetu walio katika karakana ya useremala, ambao pengine huchekwa na wenzao kwa sababu ya vumbi la mbao nguoni, na walijue jambo hili.

Juu kabisa ya nyumba mna chumba kirefu chembamba, futi 68 kwa urefu wake, chenye madirisha pande zote. Nchi ile ina mvua na baridi, na wenye nyumba walitaka mahali pa kutembea na kucheza bila kutoka nje. Nyuma ya mbao za ukutani iliokotwa mipira minne ya tenisi ya mwanzo wa karne ya 17. Watoto wa siku zile nao walipoteza mipira kama watoto wetu!

Katika ncha mbili za chumba hiki ziko sanamu mbili za lipu, na wanafunzi wa hisabati watapenda kujua asili yake. Zilichukuliwa katika kitabu cha elimu ya nyota cha Robert Recorde kilichotolewa mwaka 1556, ambacho jina lake maana yake ni Ngome ya Elimu. Recorde huyu ndiye mtu aliyebuni alama ya sawasawa, ile mistari miwili tunayoiandika kila siku katika hesabu. Aliitoa katika kitabu kingine mwaka 1557, akieleza kwamba alichagua mistari miwili ya ulinganifu kwa kuwa hapana vitu viwili vilivyo sawa kuliko hiyo. Sanamu moja ni ya mwanamke Bahati na gurudumu lake, na maandishi yake yasema kuwa mtawala wa gurudumu hilo ni ujinga. Ya pili ni ya mwanamke Majaaliwa, naye ana tufe, na mtawala wa tufe hilo ni elimu. Maana yake ni wazi. Asiye na elimu huzungushwa na gurudumu, leo juu kesho chini, asijue sababu. Mwenye elimu hujitahidi kujua njia za ulimwengu.

Lakini tazameni ajabu. Wataalamu wasema yaelekea chumba hiki hakikuwamo katika mpango wa kwanza, bali kiliongezwa kazi ikiwa imekwisha anza, katika miaka ya 1560. Paa lake limefunikwa kwa vibamba vizito vya mawe, na fremu ya chini haikuwa imepimwa kwa uzito huo. Kwa hiyo sakafu za chini yake zimebonyea, na ukuta umepinda, na baadaye ilibidi nyumba ifungwe kwa vyuma isipasuke. Chumba chenye kusifu elimu ndicho kilichoitia nyumba mashaka kwa kukosa hesabu. Mkitaka kujua kwa nini walimu wenu huwasumbua kwa hesabu za uzito na mihimili, jibu liko pale juu.

Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, haikutoka katika mawe, bali katika vita. Mwaka 1642 Mfalme Charles wa Kwanza na Bunge lake walianza kupigana. Ukoo wa Moreton ulishika upande wa Mfalme, na majirani zao walikuwa upande wa Bunge. Mwaka 1643 nyumba ilichukuliwa, askari wa Bunge wakalazwa humo. Wenyewe walirudishiwa baadaye, lakini mali ilikuwa imekwisha. Walijaribu kuuza shamba lote, wakafaulu kuuza vipande vichache tu. William Moreton wa wakati huo alipofariki mwaka 1654 aliacha deni la paundi 3,000 hadi 4,000, fedha nyingi mno kwa siku zile. Kabla ya mwaka 1680 ukoo ulikwisha ihama nyumba ya mababu zao, ukaipangisha kwa wakulima.

Mtu atasema, hasara gani hiyo! Nami nasema, labda ndiyo iliyoiokoa nyumba. Katika karne ya 18 matajiri wengi wa Uingereza waliona nyumba za miti ni za kishamba, wakazibomoa au wakazifunika kwa matofali na mawe ili wafanane na wenzao. Ukoo wa Moreton haukuwa na fedha za kufuata mtindo. Wapangaji nao walitaka mahali pa kulala na kuweka vyombo, basi. Hivyo nyumba ikabaki kama ilivyokuwa, kwa sababu ya umaskini.

Lakini umaskini hulinda kitu kwa muda tu, kisha hukila. Mwaka 1847 sehemu kubwa ya nyumba haikuwa na watu, madirisha yalizibwa kwa mbao, paa lilikuwa likioza, na kanisa dogo la ndani lilikuwa ghala ya makaa. Mwaka 1892 nyumba iliangukia mikononi mwa Elizabeth Moreton, mtawa wa Kanisa la Kiingereza. Hakuwa na mume wala watoto, lakini alilitengeneza kanisa, na huenda ndiye aliyeagiza vyuma vya kukishikilia chumba kile kirefu. Alipofariki mwaka 1912 alimwachia nyumba ndugu yake wa ukoo, Charles Abraham, Askofu wa Derby, kwa sharti kwamba isiuzwe kamwe. Askofu aliwafungulia wageni milango kwa kiingilio cha peni sita, na ukoo wa wakulima waliokuwa wapangaji humo tangu mwaka 1841 ndio waliozipokea fedha na kuwaonyesha wageni vyumba. Mwaka 1938 Askofu na mwanawe waliikabidhi kwa National Trust, chama kilichoanzishwa mwaka 1895 kutunza majumba na ardhi zenye historia, nacho ndicho kinachoitunza mpaka sasa.

Kazi ya kutunza ilileta na faida ya elimu. Mwaka 1976, mbao za ukutani katika sebule moja zilipoondolewa, nyuma yake zilionekana picha zilizochorwa karne ya 16, za kisa cha Susana na wazee wawili waliomsingizia. Kumbe kwa muda mrefu watu walikaa, wakala na kuzungumza karibu na picha hizo bila kujua! Hata weusi na weupe wa nyumba, ambao ndio wageni huupenda zaidi, watuambiwa kuwa si wa Tudor. Enzi ile mwaloni uliachwa ubadilike wenyewe kuwa wa kijivujivu, na lipu ilipakwa rangi ya udongo wa manjano. Weusi uliletwa na mtindo wa karne ya 19. Kwa hiyo si kila kilicho cha zamani ni cha zamani kama tunavyodhani. Lazima kuuliza.

Nje ya nyumba, ndani ya handaki, iko bustani ya mafundo, yaani vichaka vifupi vilivyopandwa na kukatwa kwa ustadi hata vikafanya umbo kama la mkeka uliosukwa. Hiyo ilipandwa mwaka 1972 kwa kufuata mchoro wa kitabu cha mwaka 1670. Pembeni iko miti ya matunda, na kuna vilima viwili vilivyoinuliwa kwa mikono ili mtu apande juu na kuitazama bustani vizuri. Nalipanda kimoja, nikaona mafundo yote kwa mara moja, jambo lisilowezekana ukiwa chini.

Nimeandika haya si kwa kutaka tuige nyumba za Kiingereza. Nchi yetu ina jua lake, mvua yake na mchwa wake. Lakini nimetambua kuwa nyumba haidumu kwa sababu ya bei ya vitu vyake. Hudumu kwa ufundi wa aliyeijenga, na kwa watu wanaokubali kuitengeneza kila mwaka bila kungoja ibomoke. Twazo nyumba za kale katika pwani yetu, zenye kuta za mawe na chokaa na dari za boriti za mikoko, na bara twazo nyumba ambazo wazee peke yao ndio wajuao namna ya kuzisimamisha. Nyingine zimekwisha anguka.

Basi nawaomba wanafunzi, mtakapokwenda likizo, mchukue kamba ya kupimia, daftari na kalamu. Itafuteni nyumba iliyo kongwe kuliko zote kijijini au mtaani kwenu. Mwulizeni mwenyewe kwa adabu: ni mti gani huu, ulikatwa msimu gani, nguzo imechimbiwa futi ngapi, na nani alikuwa fundi. Na wazazi, wakija watoto na maswali hayo, tafadhali msiwafukuze. Daftari zitakazoletwa muhula ujao zitawekwa katika maktaba yetu, na jina la fundi liandikwe katika ukurasa wa kwanza.